Zege Jepesi na Nyuzi Zake: Historia ya Kuushika Ufa

Mwaka 1920 meli ya mafuta iliyoitwa Selma iligonga gati katika bandari ya Tampico, Mexico, na ubavu wake ukapasuka kwa urefu wa karibu mita 18. Wahandisi waliikumbuka ajali hiyo kuliko mabaharia, kwa sababu Selma haikuundwa kwa mbao wala kwa mabamba ya chuma. Ilikuwa meli ya zege, yenye urefu wa mita 132, na kuta zake zilikuwa na unene wa sentimita 10 hadi 13 tu.

Meli kama hiyo ilizaliwa na vita. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, chuma kilikuwa adimu, na mwaka 1918 Rais Woodrow Wilson akaidhinisha ujenzi wa meli 24 za zege. Zilizokamilika ni 12. Selma ilishushwa majini huko Mobile, Alabama, tarehe 28 Juni 1919, siku ileile mkataba wa Versailles ulipotiwa saini, kwa hiyo haikuwahi kuitumikia vita iliyoifanya iundwe. Zege lake lilikuwa la aina mpya. Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. La Selma lilikuwa na kilo 1,900 tu, kwa sababu kokoto zake zilitengenezwa kwa udongo wa mwamba uliochomwa tanuruni mpaka ukafura na kujaa vitundu vya hewa.

Baada ya ajali meli ilikokotwa hadi Galveston, Texas. Mafundi wa huko walizoea kuziba chuma, na hawakuwa na ujuzi wa kuliziba tundu kubwa namna ile katika zege. Mwaka 1922 ikazamishwa kwenye maji ya kina kifupi karibu na kisiwa cha Pelican, na mabaki yake yanaonekana hadi leo. Mwaka 1953 wataalamu walikata vipande vya ubavu wake na kuvipima. Zege lilikuwa zima, tena lilikuwa na nguvu kuliko siku lilipomwagwa. Miaka zaidi ya 30 ya maji ya chumvi haikulishinda, ilhali pigo moja la gati liliimaliza safari ya meli.

Je, zege lile lilikuwa na nguvu au halikuwa nayo? Mashine ya maabara ingejibu kwamba lilikuwa nayo, na nahodha angejibu vingine. Majibu hayo mawili yanapima vitu viwili tofauti, na imechukua karne nyingi wajenzi kuvitenganisha. Historia ya kutia nyuzi katika zege jepesi ndiyo historia ya utengano huo.

Wepesi wa Roma

Wepesi wenyewe si uvumbuzi wa karne iliyopita. Hekalu la Pantheon mjini Roma, lililokamilika zama za Mfalme Hadrian, yapata mwaka 126, lina kuba la zege lenye upana wa mita 43.3, na hakuna nondo hata moja ndani yake. Mafundi wa Kirumi walichagua mawe kulingana na kimo. Chini, kwenye msingi na kuta, waliweka mawe mazito. Kadiri walivyopanda waliweka mawe mepesi zaidi, na karibu na tundu la juu wakatumia mawe ya volkano yenye matundu, mepesi kiasi cha kuelea majini.

Hata hivyo kuba lile lina nyufa. Zinapanda kutoka ukingo wa chini kuelekea juu, kwa sababu sehemu ya chini ya kuba husukumwa nje na kutaka kutanuka, na zege huchukia kuvutwa. Jengo limesimama miaka 1,900 kwa sababu ya umbo lake na kuta za mita sita za unene zinazoubana msukumo huo. Warumi walijua kupunguza uzito. Hawakuwa na kitu cha kutia ndani ya zege ili kuushika ufa ukishaanza, basi wakaliachia umbo na uzito wa kuta kazi hiyo.

Elimu ya kushika ufa ilikuwa kwingine, kwa watu wanyonge zaidi. Wafyatua matofali wa bonde la Mto Nile walikuwa wakichanganya majani makavu na udongo tangu zama za kale, na wasomaji wa Biblia wanaikumbuka sura ya tano ya kitabu cha Kutoka, Farao anapowanyima watumwa majani na bado kuwadai idadi ileile ya matofali. Udongo unapokauka hujikunja na kupasuka; majani huugawa mpasuko mmoja mkubwa kuwa mipasuko midogo isiyodhuru. Mafundi wa lipu wa Ulaya walitia nywele za farasi na ng'ombe kwenye chokaa kwa sababu hiyohiyo. Elimu hizi mbili, ya wepesi na ya nyuzi, ziliishi mbalimbali kwa muda mrefu sana.

Tofali lililofura

Hati miliki ya saruji tunayoitumia leo aliipata Mwingereza Joseph Aspdin mwaka 1824. Nondo zikafuata: Joseph-Louis Lambot wa Ufaransa alitengeneza mashua ya saruji na waya mwaka 1848, na mwenzake Joseph Monier akapata hati miliki yake mwaka 1867. Nondo zilibeba mvuto ambao zege haliwezi kuubeba, na ujenzi wa dunia nzima ukabadilika.

Wepesi ulirudi kupitia kwa mchoma matofali. Stephen Hayde wa Kansas City aliona kwamba matofali yaliyounguzwa kupita kiasi yalifura na kuwa mepesi. Wenzake waliyatupa kama hasara; yeye akayavunja na kuyafanya kokoto. Mwaka 1918 alipata hati miliki ya kuchoma udongo na mwamba laini katika tanuri linalozunguka, na kokoto za namna hiyo ndizo zilizojenga meli kama Selma. Kwingineko, Johan Axel Eriksson wa Sweden alipata katika miaka ya 1920 njia ya kuumua mchanganyiko wa chokaa kwa gesi na kuuivisha kwa mvuke, na matofali mepesi ya namna hiyo yakaenea Ulaya.

Faida ilikuwa dhahiri. Sakafu nyepesi inahitaji nguzo nyembamba, nguzo nyembamba zinahitaji msingi mdogo, na tetemeko la ardhi likija jengo jepesi husukumwa kwa nguvu ndogo zaidi. Gharama ilikuwa namna ya kuvunjika. Katika zege la kawaida kokoto ni ngumu kuliko saruji inayozishika, hivyo ufa unapokutana na kokoto hulazimika kuizunguka, na kila kona inautoza nguvu. Katika zege jepesi kokoto ina matundu na ni dhaifu kuliko saruji iliyoizunguka. Ufa haupindi kona. Unaipasua kokoto katikati na kusonga mbele umenyooka. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Marekani humwelekeza mhandisi kuzidisha nguvu ya mvutano ya zege jepesi kwa 0.75, yaani kuihesabu robo pungufu ya ile ya zege la kawaida lenye nguvu ileile ya mgandamizo. Zege lolote huvumilia mvuto wa karibu sehemu moja tu ya kumi ya mgandamizo linaoubeba. Lile jepesi hupungukiwa hata na hicho kidogo, na linapovunjika huvunjika ghafla.

Kutoka Farnborough hadi Pittsburgh

Ili kuelewa kwa nini uzi husaidia, ilibidi kwanza ieleweke ufa ni nini. Alan Arnold Griffith, mhandisi kijana wa ndege huko Farnborough, Uingereza, alifanya majaribio ya kioo na kuyachapisha mwaka 1921. Alionyesha kwamba kioo hakivunjiki kwa sababu kimekosa nguvu, kwani uzi mwembamba wa kioo hubeba mzigo mkubwa kuliko mtu angedhani. Kinavunjika kwa sababu tayari kina nyufa ndogo sana, na ufa ukifikia urefu fulani hupata nishati ya kutosha kujiendesha wenyewe.

Zege ni kitu cha namna hiyo. Limejaa nyufa ndogo tangu siku saruji inapokauka. Mwaka 1963 James Romualdi na mwanafunzi wake Gordon Batson, katika taasisi ya teknolojia ya Carnegie mjini Pittsburgh, walipeleka hoja hiyo mbele: waya nyembamba zikiwa karibukaribu ndani ya zege, kila ufa mdogo utakuta waya kabla haujapata urefu wa kujiendesha. Mwaka uliofuata Romualdi na James Mandel wakaonyesha kwamba vipande vifupi vya waya, vilivyotawanywa ovyo ndani ya mchanganyiko, vinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo zege la nyuzi za chuma la kisasa lilipoanzia.

Matumaini ya mwanzo yalikuwa makubwa kupita ukweli. Nadharia ilidai kwamba mzigo wa ufa wa kwanza ungepanda sana kwa kusogeza nyuzi karibu. Mwaka 1971 Surendra Shah na Vijaya Rangan walichapisha vipimo vilivyoirekebisha picha hiyo. Mzigo wa ufa wa kwanza uliongezeka kidogo tu. Faida kubwa ilionekana baada ya ufa, pale zege la kawaida linapokuwa limekwisha kazi. Kuanzia hapo swali zito likawa: zege likishapasuka, litaendelea kubeba nini?

Kipimo kinachotumika Ulaya kinalionyesha jambo hili waziwazi. Boriti ya upana na kimo cha milimita 150 na urefu wa 550 huchongwa mfuo wa milimita 25 upande wa chini, katikati kabisa, ili ufa usiwe na mahali pengine pa kuanzia. Inalazwa juu ya vishikilio viwili, na mashine inaisukuma kutoka juu polepole. Boriti ya zege jepesi lisilo na nyuzi hutoa mlio mmoja mkavu na kuwa vipande viwili. Ile yenye nyuzi hupasuka vilevile, lakini inabaki mahali pake. Ufa unafunguka hadi nusu milimita, kisha milimita moja na nusu, kisha mbili na nusu, kisha tatu na nusu, na katika kila kituo mashine inaandika mzigo ambao boriti bado inaubeba. Ukichungulia ndani ya ufa utaona nyuzi za chuma zimevuka kutoka upande hadi upande. Ncha zake zimepindwa kiwandani, na kila moja inang'ang'ania kama msumari uliopinda unapong'olewa kwenye ubao mkavu. Nishati inaliwa katika kunyoosha ncha hiyo na katika msuguano wa uzi na saruji. Kwa hiyo uzi mzuri ni ule unaochomoka kwa shida bila kukatika. Uzi unaokatika mapema hauna cha kuutoza ufa.

Ndoa ya uzi na wepesi

Nyuzi za chuma zilikwenda kwanza mahali palipohitaji ukakamavu kuliko wepesi: sakafu za viwanda, viwanja vya ndege, kuta za mahandaki. Mwaka 1973 zege lenye nyuzi za chuma lilirushwa kwa bomba kwenye handaki la bwawa la Ririe, Idaho, na wachimbaji wakaona kwamba wangeweza kuacha kufunga wavu wa chuma chini ya mwamba unaotishia kuporomoka. Tangu hapo watu wengi wamerudi nyumbani salama kwa sababu ya waya za sentimita tatu.

Kuzitia katika zege jepesi kulikuwa na utata wake. Nyuzi za chuma zikichukua asilimia moja ya ujazo huongeza kilo 78 hivi katika kila mita ya ujazo, na fundi aliyetafuta wepesi anajikuta anarudisha sehemu ya uzito aliouondoa. Zaidi ya hayo, nyuzi nyingi hujiviringa kuwa mabonge ndani ya mashine ya kuchanganyia, na zege likiwa zito kumwagika, kishawishi cha kuongeza maji hakikosekani. Maji ya ziada huua nguvu ambayo nyuzi zililetwa kuilinda. Kokoto nyepesi nazo hunywa maji, kwa hiyo huloweshwa kwanza, la sivyo mchanganyiko hukauka kabla ya kumwagwa.

Hata hivyo utafiti wa miaka ya 1990 ulithibitisha kwamba ndoa hiyo ina manufaa. P. Balaguru wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, na wenzake waliweka nyuzi za chuma katika zege jepesi la kujengea na kukuta kwamba uwezo wake wa kuhimili kupinda na kupasuka uliongezeka vizuri, na uvunjikaji wa ghafla ukageuka kuwa uvunjikaji wa taratibu. Nguvu ya mgandamizo kwa kawaida hubadilika kidogo tu. Nyuzi zikizidi au zikichanganywa vibaya hata hushuka, kwa sababu hewa hunaswa kati yake. Asiyepima kingine zaidi ya mgandamizo atasema nyuzi ni fedha iliyopotea. Zege jepesi ndilo linalozihitaji kuliko lolote, maana kokoto zake haziusumbui ufa, na uzi unakuwa kizuizi pekee kilichobaki.

Nyuzi zilizosaliti

Si kila uzi uliotiwa katika saruji ulistahili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Hatschek wa Austria alipata njia ya kutengeneza mabati membamba ya saruji na asbesto. Yalikuwa mepesi, hayakuungua, hayakuoza, na yaliezeka shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi katika mabara yote, Afrika Mashariki ikiwamo. Kwa kipimo cha maabara uzi ule haukuwa na mpinzani. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake huko Afrika Kusini walichapisha ushahidi uliounganisha vumbi la asbesto na saratani ya utando wa mapafu, miongoni mwa watu walioishi na kufanya kazi karibu na machimbo ya Rasi ya Kaskazini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kufikia 2005, na Afrika Kusini 2008. Mapaa yake yangali juu ya vichwa vya watu wengi, na anayeyavunja bila kinga anavuta sumu hiyo bado. Hesabu yoyote ya nguvu isiyomhesabu anayekata, anayechanganya na anayebomoa ina kasoro kubwa.

Kioo kilisaliti kwa njia nyingine. Maji yaliyomo ndani ya saruji ni alkali kali, na nyuzi za kioo cha kawaida huliwa nayo. A. J. Majumdar, katika kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, alitengeneza kioo chenye zirkonia kinachostahimili alkali hiyo, na kiwanda cha Pilkington kikaanza kukiuza mwaka 1971. Leo mapambo mengi mepesi ya kuta za nje za majengo marefu hutengenezwa kwa saruji na kioo cha namna hiyo.

Mkonge unatugusa zaidi. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na katika miche 1,000 aliyoiagiza Florida ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana nayo yalikua mashamba ya Tanga na Morogoro, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ya mafuta ilipopanda na makazi kuwa ghali katika miaka ya 1970, wataalamu waliona jibu: mabati na vigae vyepesi vya saruji na mkonge, vinavyotengenezwa kijijini bila kiwanda kikubwa. Nchini Kenya na kwingine vikundi vingi vilianza kuvifyatua.

Miaka michache ilipopita mabati makubwa yakaanza kuvunjika. Mwaka 1983 Hans-Erik Gram wa Stockholm alieleza sababu kwa kina: alkali ya saruji huyeyusha lignini inayounganisha seli za mkonge, na uzi unaobaki hukatika kwa urahisi. Alipendekeza kupunguza alkali hiyo kwa kuweka majivu laini ya silika badala ya sehemu ya saruji. Mafundi wa vigae nao walipata njia yao. Katika kigae kidogo mkonge ulikuwa na kazi kubwa wakati mchanganyiko ungali mbichi, wa kuuzuia usipasuke ukikunjwa juu ya kalibu. Wengi wakauacha na kutegemea mtikiso mzuri na uzuri wa mchanga.

Mshindi wa soko akawa polipropilini, plastiki iliyotokana na kazi ya Giulio Natta wa Italia mwaka 1954. Ndiyo iliyoangusha bei ya kamba za mkonge na kuyafukarisha mashamba ya Tanga; ndiyo pia iliyochukua nafasi ya nyuzi za asili katika zege. Hailiwi na alkali, na ni nyepesi kuliko maji: chini ya kilo moja inatosha mita nzima ya ujazo kuzuia nyufa za saa za kwanza, zege linapokauka upesi juani. Kwa mzigo mkubwa haifai kama chuma, lakini katika moto ina kazi ambayo chuma hakiiwezi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi na kuacha vijia vya mvuke kutokea. Umuhimu wa vijia hivyo ulionekana baada ya moto wa Novemba 1996 katika handaki la reli kati ya Uingereza na Ufaransa, ambapo zege la kuta lililipuka vipande na kumong'onyoka. Kuta zile hazikuwa za zege jepesi, ila funzo lake linalihusu zaidi zege jepesi, kwa kuwa kokoto zilizokunywa maji huwa na mvuke mwingi wa kutoa.

Namba mbili

Kufikia mwanzo wa karne hii mambo yote yalikuwa yamekutana. Victor Li wa Chuo Kikuu cha Michigan alitengeneza saruji yenye asilimia mbili za nyuzi laini inayoweza kuvutika asilimia tatu hadi tano kabla ya kukatika, mara mamia zaidi ya zege la kawaida, na mwaka 2003 akaonyesha kwamba inaweza kuwa nyepesi kuliko maji. Wanafunzi wa uhandisi wa Marekani, ambao tangu miaka ya 1970 hushindana kupiga makasia katika mitumbwi ya zege, huunda vyombo vinavyoelea hata vikijazwa maji, kwa kokoto nyepesi na nyuzi. Mwaka 2010 mwongozo wa kimataifa wa zege uliweka kanuni za kuhesabu mchango wa nyuzi katika jengo, na mhandisi akapata ruhusa ya kuutegemea kwenye michoro yake.

Kanuni zipo, mazoea ndiyo yanayochelewa. Saiti nyingi bado hutuma maabara tofali la zege kupimwa mgandamizo, na karatasi ikirudi na namba nzuri, kazi inaendelea. Kwa zege jepesi namba hiyo haitoshi. Mwenye jengo adai namba mbili: mzigo unaolipasua, na mzigo linaoubeba ufa ukiwa umefunguka milimita mbili na nusu. Ya kwanza inasema zege litavumilia nini siku ya kawaida. Ya pili inasema walio chini yake watakuwa na muda gani wa kutoka siku isiyo ya kawaida, na nyuzi huwekwa kwa ajili ya muda huo.